Glyfada, Athens: bahari haielezi bei, uwanja wa ndege wa zamani ndio unaoeleza

Mleta mada ameuliza kwa nini nyumba Glyfada, kitongoji cha pwani kusini mwa Athens, ni ghali hivyo, na kama mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuishi kule. Mimi naishi Kypseli, mtaa wa katikati ya Athens, ila kazi yangu ni kupaka rangi na miaka mingi wateja wangu wengi wametoka Glyfada, kwa hiyo nachangia kwa ninayoyajua.

Wadau waliotangulia wamejibu kwamba ni kwa sababu ya bahari. Naomba nitofautiane nao. Perama, kitongoji cha upande wa bandari ya Piraeus, nako kuna bahari, Ghuba ileile ya Saroniki, na bei za kule ni habari nyingine kabisa. Glyfada imejengwa na uwanja wa ndege wa Elliniko uliokuwa jirani yake, kisha ikapandishwa bei na kuondoka kwa uwanja huohuo.

Tuanze na ardhi. Mashariki kuna mlima Hymettus, mita 1,026, magharibi bahari, na mji umekaa kwenye mteremko ulio katikati. Barabara ya Poseidonos inapita chini kando ya maji, ya Vouliagmenis inapita juu. Ukiivuka Vouliagmenis kuelekea mlimani unaingia mitaa ya Ano Glyfada na Terpsithea, na hata hewa unaihisi nyingine. Mimi tofauti naiona kwenye balkoni. Jengo la chini, reli ya chuma inayotazama bahari inaliwa na chumvi mpaka rangi inabanduka vipande vipande. Unakwangua hadi chuma king'ae, unapaka dawa ya kutu, ndipo uweke rangi yenyewe. Nyumba za juu, mara nyingi msasa kidogo unatosha.

Zamani huku kulikuwa mashamba na misonobari. Miaka ya 1950 ikajengwa bichi ya Asteria na bangaloo zake, wenye uwezo wakaanza kushuka kutoka mjini. Lakini mteja wa uhakika, wa mwaka mzima, alitoka uwanjani. Palikuwa na shirika la ndege la Olympic Airways, na ndani ya eneo hilohilo kambi ya jeshi la anga la Marekani. Marubani, wahudumu wa ndege, wanajeshi na familia zao walitaka nyumba za kupanga karibu na kazi, na walilipa vizuri. Baa, migahawa na maduka yakawafuata. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, maduka yakabaki.

Maghorofa nayo yalipandaje haraka vile? Hapa ndipo wengi hawapajui. Wagiriki wana utaratibu unaitwa antiparochi: mwenye kiwanja anamwachia mkandarasi kiwanja chake, mkandarasi anajenga kwa fedha yake, kisha wanagawana flati. Benki haiingii kati. Mkandarasi anauza za kwake, nyingine zikiwa bado kwenye ramani, na mwenye kiwanja anajikuta na flati ya kukaa na nyingine ya kumpa binti yake. Waliopo Dar watautambua haraka, maana Kariakoo nyumba nyingi za zamani zimegeuka ghorofa kwa ubia wa namna hiyo. Ndiyo maana hadi leo unakuta jengo moja la Glyfada lina ukoo mzima, bibi ghorofa ya kwanza, wajukuu juu.

Kilichokuwa kinazuia bei ni kelele. Njia ya kurukia ndege ilielekea Glyfada moja kwa moja. Mzee mmoja niliyempakia rangi nyumba yake aliniambia ndege ikipita walikuwa wanakatisha mazungumzo mezani, inapita, wanaendelea. Machi 2001 safari zote zikahamia uwanja mpya wa Spata, na anga ikatulia. 2004, mwaka wa Olimpiki, ikaja tramu inayofuata pwani. 2013 metro, yaani treni ya chini ya ardhi, ikafika Elliniko. Hesabu wenyewe: utulivu, tramu na metro, vyote ndani ya miaka kumi na mbili.

Uwanja wenyewe, zaidi ya hekta 600, ulikaa muda mrefu bila mwelekeo. Wakimbizi waliishi humo kwenye mahema hadi 2017. Mwaka 2021 ulikabidhiwa kampuni ya Lamda Development, na sasa panajengwa mji mzima, pamoja na mnara wa makazi wa takriban mita 200. Kutakuwa na bustani kubwa ya umma, na hilo ni jema. Lakini ile ilikuwa ardhi ya umma, na inaniuma kuona sehemu iliyo karibu kabisa na maji ikienda kwa wanaonunua kwa mamilioni ya yuro. Wapangaji wa kawaida wa Glyfada wanasukumwa, na nimeshawapoteza wateja wa hivyo.

Kuhusu kuishi: ukitafuta cha kupanga, anzia vitongoji vya Argyroupoli au Ilioupoli. Zote zina metro, unashuka Elliniko kituo cha mwisho, unadaka basi hadi Glyfada. Ukiangalia flati ya zamani, uliza kama umeme na mabomba vimebadilishwa, na kagua dari la bafu kabla hujasaini. Ghorofa ya juu kabisa Julai ni joto kali, hasa kama paa halijawekewa kizuia joto, hivyo usikubali kuonyeshwa nyumba asubuhi tu. Nenda saa tisa alasiri.