Kabla hujachora grafu, uliza nauli

Wiki iliyopita kijana mmoja, mgeni katika kazi yetu ya kutathmini miradi ya kuzuia unyanyasaji wa watoto, alinigeuzia kompyuta yake, uso umemjaa nuru. "Mwalimu, tazama!" Kulikuwa na grafu ya nguzo tatu za kesi za watoto kutoka kwenye rejista ya eneo lake la mradi: ya kwanza ndefu, ya pili ya kadiri, ya tatu imechutama. Chini ameshaandika kwamba mradi umepunguza unyanyasaji wa watoto. Nikamwambia anywe chai kwanza. Hii ni mara ya nne mwaka huu naonyeshwa nguzo hizo, kila mara na mtu mwingine, na hapa Malindi mimi mwenyewe nilishazichora kabla yenu. Basi nawaandikia nyote kwa pamoja, nipumzike.

1. Rejista haihesabu watoto walioumizwa, inahesabu waliofikishwa. Kati ya mtoto na ile kalamu kuna bibi aliyeamua kusema, jirani asiyeogopa lawama, chifu aliyekuwepo siku hiyo, bodaboda yenye mafuta na afisa asiyekuwa likizo. Kimoja kikikosekana, nguzo inashuka, na mtoto yuko pale pale. Mradi mzuri ukiamsha watu, mwaka wa kwanza kesi hupanda, na msimamizi wenu atawauliza kwa nini mmeharibu. Msitishike. Hata Elmira, jimbo la New York, ambako wauguzi walianza kuwatembelea mama wajawazito mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti walikumbana na jambo hili: nyumba inayotembelewa inaonekana zaidi, kwa hiyo inaripotiwa zaidi. Tofauti ya wazi ya ripoti za unyanyasaji ilikuja kuonekana walipowafuatilia watoto wale hadi miaka 15. Ninyi mmepewa miezi 18, pamoja na Ramadhani, Krismasi na uchaguzi.

2. Sasa kosa langu. Miaka 11 iliyopita nilitathmini mradi wa kuzuia unyanyasaji katika vijiji kadhaa bara ya Malindi, kule ambako matatu ikikupita asubuhi unangojea ya jioni. Mradi ulikuwa na mafunzo ya wazazi, vilabu vya watoto shuleni na maafisa wa watoto wa kujitolea, watu wa pale pale kijijini wasio na mshahara. Mwaka wa kwanza walipewa nauli kidogo ya kumleta mtoto na mzazi wake mjini, ofisini au hospitali. Kwenye tathmini ya katikati nilipitia bajeti, nikaona fungu la nauli linakula pesa na halina kiashiria, yaani kipimo cha matokeo, hata kimoja. Nikashauri liondolewe. Niliandika sentensi yenyewe kwa mkono wangu, kwamba fungu hilo "halihusiani moja kwa moja na matokeo". Nilijiona mkali, mtu asiyechezewa.

Likaondolewa. Mwaka wa pili kesi zikashuka zaidi ya nusu. Nikachora nguzo zangu, rangi ya bahari, nikaziwasilisha hotelini mbele ya mfadhili. Sambusa zilikuwa za moto. Watu wakapiga makofi. Wakati wa maswali akasimama mama mmoja aliyekaa nyuma karibu na mlango, afisa wa kujitolea, leso begani. Hakupaza sauti. "Mwanangu, kesi hazikupungua. Zimekosa nauli." Akatoa kwenye mkoba daftari la shule, lile la kurasa 96, akasema yote ameandika humu.

Mwenyekiti wa kikao akamshukuru, akasema tutalizungumza pembeni. Pembeni nililisoma. Alikuwa ameandika tarehe, umri wa mtoto, kilichotokea, na mwisho wa kila mstari neno moja: alifika, au hakufika. Baada ya mwezi ule nauli ilipokatwa, "hakufika" ziliteremka ukurasa mzima, na mbele ya nyingi ameongeza "wazee". Nilijua maana yake. Familia mbili zimekaa chini ya mwembe, zimepatana, mbuzi wametolewa na pesa kidogo, na mtoto hakuulizwa kitu. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita. Niliomba nipelekwe kwao. Nilipofika alikuwa ameshaacha shule, ananifungulia lango la makuti huku akitazama viatu vyangu.

Mngependa kusikia kwamba nilirudi nikaichana ripoti. Sikuichana. Niliomba irekebishwe, nikaambiwa imeshatumwa, na kuirekebisha kutawachanganya watu. Nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu mbele yangu na karo ya mdogo wangu. Nikanyamaza. Mradi ukapelekwa vijiji vingine, bila nauli, na ripoti yangu ndiyo iliyotolewa kama ushahidi kwamba inawezekana. Jina langu liko ukurasa wa pili. Huwa naifungua mara moja moja, nikihisi nimeanza kujisifu.

3. Msimu. Jamani, msimu! Mnafanya baselaini, kile kipimo cha mwanzo wa mradi, Januari, kaskazi inavuma, mahoteli yamejaa Wataliano, baba ana kazi, samaki wapo. Endilaini, kipimo cha mwisho, mnafanya Juni, kusi limechafua bahari, hoteli zimefungwa, baba amelala nyumbani siku nzima hana hata ya sigara. Halafu mnashangaa viboko vimeongezeka. Mwingine alifanya kinyume akapandishwa cheo. Pimeni mwezi ule ule, na mwe na kijiji linganishi, kisicho na mradi, kinachopigwa na kusi lile lile, lakini wasiwe watu wanaoswali msikiti mmoja au kuuziana sokoni na kijiji chenu, maana mafunzo yenu yatavuka na ndala.

4. Mzazi aliyetoka mafunzoni anajua jibu. Ukimuuliza anamwadhibu vipi mtoto, atakwambia "naongea naye", vizuri kabisa, kama ulivyomfundisha. Muulize mtoto pia, kwa dodoso lake, mbali na masikio ya bibi. Na jifunzeni kwa utafiti wa kitaifa wa Kenya wa ukatili dhidi ya watoto: wasichana na wavulana walihojiwa katika maeneo tofauti, ili mtu aliyemuumiza binti asije akajua kutokana na mahojiano yake mwenyewe binti ameulizwa nini. Wa 2010 ulikuta kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, wanawake 32 katika kila 100 walikuwa wamepata ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wanaume 18. Wa 2019 ukakuta 15.6 na 6.4. Kushuka huko nakuamini zaidi kuliko nguzo za rejista, kwa sababu nyumba zilichaguliwa kwa bahati nasibu, kisha vijana wakafuatwa humo. Hakuna aliyengojewa apande bodaboda.

5. "Kutelekezwa." Mkitafsiri dodoso la wageni, neno hili litawaaibisha. Kule karibu na mashamba ya chumvi niliwahi kuuliza kama mtoto huachwa bila mtu mzima. Kina mama wote wakasema ndiyo, nikajaza ndiyo, nikapata kijiji kizima cha watelekezaji. Karani wangu, binti wa Gongoni, alicheka mpaka akakaa chini. "Wanaenda kazini, mwalimu. Dada yake yupo." Ulizeni kwanza, pale pale, mtoto aliyeachwa wenyewe wanamtambuaje. Umaskini una kiashiria chake. Msiuhamishie kwenye hiki.

6. Haya ya haraka. Kabla ya kuuliza swali la kwanza, uwe unajua mtoto akisema "ndiyo" unampeleka wapi leo, siyo Jumatatu: namba 116, simu ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, ni ya bure usiku na mchana, na aliyebakwa aonwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, la sivyo dawa za kuzuia VVU hazimfai tena. Ridhaa ya mzazi haitoshi, muombe na mtoto. Msiwapige picha. Madodoso yenu matatu bado yanataja Sheria ya Watoto ya 2001. Ilifutwa na ile ya 2022, badilisheni tafadhali. Na msiende nyanjani Ijumaa saa sita mkauliza wanaume wako wapi.

Yule kijana alimaliza chai yake. Nilimuuliza maswali mawili: nani anawaleta watoto mjini, na analipwa na nani. Hakujua. Kesho asubuhi anakwenda kumtafuta afisa wa kujitolea wa eneo lile, akaombe kuona daftari lake. Ofisi imesema fungu la safari limekwisha, kwa hiyo nauli nimempa mimi.