Tarehe Niliyoiandika kwenye Kifuniko cha Kopo la Sukari

Kwa miaka mingi nilijihesabu miongoni mwa watu wanaokunywa vizuri. Pombe sikuitumia, soda niliigusa safarini au kwenye sherehe, na kinywaji changu cha kila siku kilikuwa chai, ambayo kwa mtu aliyezaliwa Tukuyu na kukulia kando ya mashamba ya chai ya Rungwe haihesabiwi hata kuwa kitu cha kuchagua, kwa kuwa ni sehemu ya siku kama kunawa uso. Ndiyo maana Julai 2024, nilipopimwa sukari ya damu asubuhi kabla ya kula na kipimo kikasoma milimoli 6.4 kwa lita, nilimwambia mhudumu wa afya kwamba huenda mashine yake ina kasoro. Alinieleza kwa upole kwamba kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani kisukari huanzia 7.0 kwa mtu ambaye hajala, na kwamba kati ya 6.1 na 6.9 mtu hajafika huko lakini yuko njiani. Kisha akaniuliza ninakunywa nini kwa siku. Nikamjibu, "Chai tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na nia ya kumthibitishia kwamba chai haina hatia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na namna ya kuipima. Chai ya nyumbani kwetu ilikuwa ikitiwa sukari sufuriani kwa kukadiria, ikamiminwa kwenye chupa, halafu kila mmoja akajiongezea kikombeni kadiri alivyopenda, na mtoto wetu wa mwisho akijiongezea mara ya pili pindi tunapogeuza macho. Kuhesabu vijiko kusingesaidia kitu. Nikatumia hesabu ya dukani: nilinunua kilo moja ya sukari, nikaimimina kwenye kopo lililokuwa tupu, nikaandika tarehe kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino mzito, nikangoja.

Kilo ile iliisha siku ya nne jioni. Ukigawa gramu 1,000 kwa siku nne unapata gramu 250 kwa siku, na ukizigawa kwa watu watano waliomo nyumbani, kila mmoja wetu alikuwa amekula gramu 50 za sukari kwa siku, watoto wakiwemo, karibu yote kupitia chai na uji. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anaipata kwa siku, ambayo kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50 hizo hizo, na unasema kwamba kushuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25, kuna manufaa zaidi. Kwa maneno mengine tulikuwa tumegusa dari ya mtu mzima hata kabla ya soda, juisi, biskuti au keki ya sikukuu, na kwa mtoto mdogo dari yenyewe iko chini zaidi. Ndugu msomaji, ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu kati ya yote nitakayoyaeleza, andika tarehe kwenye kopo lako la sukari, kwa sababu hesabu hiyo hailipiwi wala haihitaji daktari, na haina kumwonea aibu mtu.

Ninapaswa kukiri kwamba tulikuwa tumekwisha kupunguza mara moja kabla ya hapo, bila hiari yetu. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini kwa kuwa mvua nyingi zilikwamisha uvunaji wa miwa, bei ikapanda, na nyumba nyingi hapa Mbeya zikaanza kunywa chai yenye sukari kidogo au zikaiacha kabisa. Wiki mbili za kwanza tulinung'unika. Kufikia wiki ya tano hakuna aliyeizungumzia tena, maana ulimi ulikuwa umezoea. Lakini bei iliposhuka tulirudi palepale tulipokuwa, tena kwa furaha, kwa kuwa tulikuwa tumeihesabu chai ile kuwa dhiki iliyopita. Nimelitafakari sana jambo hili, na ninaamini kwamba mtu akipunguza kitu huku akijiona ananyimwa, atakirudia siku atakapoweza kukinunua.

Safari ya pili tulibadilisha mpangilio wa jikoni kabla ya kubadilisha kiasi. Chai sasa hupikwa bila sukari kabisa, na bakuli la sukari huwekwa mezani pamoja na kijiko kidogo ambacho husawazishwa kwa kidole, kwa kuwa kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takribani gramu 4 na kilichojaa kwa kilima hubeba zaidi sana. Tulianzia pale kila mtu alipokuwa, tukapunguza nusu kijiko kila baada ya siku kumi. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye jiko, aliongeza tangawizi iliyopondwa, iliki na kipande cha mdalasini, na nilishangaa kuona kwamba iliki na mdalasini humfanya mtu ahisi utamu ambao haumo. Majani ya mchaichai tunayachuma nyuma ya nyumba, nayo yana faida nyingine, kwamba hayana kafeini, hivyo hunywewa hata saa tatu usiku bila kumfukuza mtu usingizi. Asali tuliijaribu, ila tuliacha kuidanganyia nafsi, kwa kuwa mwongozo ule ule unaihesabu asali pamoja na sukari ya kuongezwa. Anayetumia dawa za kushusha sukari mwilini asiige ratiba yangu kabla ya kuongea na daktari wake, maana kwake sukari ikishuka ghafla ni hatari ya upande wa pili.

Penye ugumu wa kweli palikuwa nje ya nyumba yetu, na hasa kwa mama yangu. Nilipofika Tukuyu na kuomba kikombe kisichotiwa sukari, alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani duka limefungwa?" Kwa kizazi chake, na katika baridi ya kule, kumpa mgeni chai isiyo tamu ni kumwambia kwamba hukumtarajia. Sikubishana naye. Nilimweleza habari ya kipimo, nikamwomba aniwekee sukari pembeni ili niitie mwenyewe, akakubali, kwa sababu sukari inapokuwa mezani heshima ya mwenye nyumba inakuwa haijaguswa. Ombi hilohilo nimelitumia kwenye vikao, kwa wakwe na kwa mama ntilie, na bado sijakataliwa.

Baridi ina mchango wake katika jambo hili, na nadhani wanaoandika ushauri wa kunywa maji mengi wengi wao huishi penye joto. Mwezi wa Juni na Julai, Mbeya, Iringa, Makete au Njombe, maji yaliyolala kwenye ndoo huuma meno, kiu haisikiki, na mkono unaifuata chupa ya chai wenyewe. Nilichokifanya ni kununua chupa ya pili ya kuhifadhi joto na kuijaza maji ya moto matupu, wakati mwingine yenye kipande cha limau. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka yakiwa kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, jambo ambalo wengine hulitia shaka, lakini joto hilo latosha kuua vimelea mradi maji yatokote kwelikweli.

Kuhusu soda nitasema machache, kwa kuwa ubaya wake unajulikana na chupa imeuandika. Soda nyingi za kawaida zina takribani gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya plastiki ya mililita 500 humaliza posho ya siku nzima peke yake. Mimi niliinywa safarini, basi la Iringa linaposimama Makambako au Mafinga na dakika za kula ni chache, kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa mkononi mwa muuzaji dirishani. Siku niliyoanza kubeba maji yangu kutoka nyumbani, hamu hiyo iliisha. Vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa bodaboda na madereva wa malori huvitegemea vina sukari ya kiwango hicho hicho, na kopo la mililita 250 kwa kawaida huwa na miligramu 80 za kafeini, karibu sawa na kikombe cha kahawa ya Mbozi, ambayo mtu anaweza kuinywa bila sukari.

Maziwa ni habari njema kwetu, kwa kuwa Rungwe na Njombe ng'ombe wa maziwa wako wengi, na utamu wa asili wa maziwa hauhesabiwi katika ile sukari ya kuongezwa. Yachemshwe tu, kwa sababu maziwa mabichi yaweza kubeba vimelea vya kifua kikuu na vya ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe. Mtindi wa nyumbani ni mzuri vilevile, ila ule wa dukani wenye ladha ya matunda huwa umetiwa sukari. Togwa nayo naipenda, kwani utamu wake hutokana na kimea cha ulezi kinachogeuza wanga wa uji kuwa sukari, japokuwa sukari hiyo nayo ni sukari, na wauzaji wengine huongeza ya dukani juu yake.

Jambo lililonishangaza zaidi halikuhusu sukari kabisa. Kifungua kinywa chetu sote ni chapati maharage na chai, na binti yangu mkubwa alipoambiwa kwamba damu yake ni pungufu, tulielezwa kwamba viambato vya majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Tangu hapo yeye hula maharage yake na chungwa au pasheni, kwa kuwa vitamini C husaidia ufyonzwaji huo, na chai yake huisubirisha kwa saa moja.

Kilo ya sukari sasa hutuchukua siku kumi na moja, ambazo ni takribani gramu 18 kwa kila mtu. Nilipopimwa tena Januari 2025 kipimo kilisoma 5.6, na kwa kuwa katika miezi hiyo nilianza pia kwenda kazini kwa miguu, sitaipa chai sifa zote. Kilichobaki ni juisi ya parachichi ya Jumamosi pale Mwanjelwa. Tunda lake halina lawama, lakini juisi yenyewe hutiwa sukari na maziwa kwenye mashine ya kusagia, na dada anayeniuzia amekubali kupunguza kijiko kimoja tu, akidai kwamba akipunguza cha pili wateja wengine watasema imechacha.