Anwani hasi, na dakika nne za kusubiri jina

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma stashahada ya kompyuta Morogoro, na sasa niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika shule moja ya sekondari. Mwalimu wa maabara amenipa kazi ya kuandika programu ya Java inayoorodhesha kompyuta 24 za chumba kile, anwani na jina. Natumia InetAddress, klasi ya Java inayoshika anwani ya mtandao. Kwanza, new InetAddress ilikataa, rafiki akaniambia nitumie getByName lakini sababu hakuijua. Pili, nikiita getAddress kwa 192.168.1.20 napata -64, -88, 1, 20. Tatu, orodha inachukua dakika nne nzima, na penye jina narudishiwa namba ileile. Mashine yangu inatumia Debian, aina ya Linux. Intaneti ya shule imekatika tangu wiki iliyopita, ila mtandao wa ndani unafanya kazi. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. La kwanza ni dogo. Anwani za IP ziko za aina mbili, zile za biti 32 na zile za biti 128, na Java ina klasi ndogo kwa kila aina: Inet4Address na Inet6Address. Wewe unapoandika jina hujui utapewa ipi, ndiyo maana hujengi objekti mwenyewe. Unaiomba kwa getByName, nayo inakuchagulia. Jina lisipopatikana unarushiwa UnknownHostException.

Namba hasi nazo zisikutishe. Bayti ya Java inaanzia -128 na kuishia 127. 192 haiingii humo, kwa hiyo biti zilezile nane zinasomwa kama 192 kutoa 256, yaani -64. Andika b & 0xFF (b ni bayti yako) na 192 yako itarudi. Au, kama unataka kuionyesha tu kwenye skrini, achana na bayti kabisa, ita getHostAddress.

Sasa hizo dakika nne, hapo ndipo palipo na utamu wa swali lako. Objekti ya InetAddress ina nafasi mbili: ya anwani, ambayo imejaa tangu mwanzo, na ya jina, ambayo inaweza kuwa tupu. Ulipompa getByName maandishi "192.168.1.20" alikagua tu kama yameandikwa sawasawa. Mtandao hakuugusa. Jina likabaki tupu. Kisha ukaita getHostName. Kwa kuitazama unadhani unatoa kitu mfukoni, kumbe umemtuma mtoto dukani. Programu inaiuliza seva ya majina: huyu 192.168.1.20 anaitwa nani? Seva hiyo iko nje ya shule, na nje hakufikiki. Kwenye Debian, usipobadilisha kitu, swali husubiriwa sekunde 5 na kurudiwa mara moja. Hizo ni sekunde 10 kwa kila mashine. Zidisha kwa 24: sekunde 240, dakika zako nne hizo. Mtoto akirudi mikono mitupu, Java inakuandikia namba ileile mahali pa jina.

Ukitaka kuthibitisha, ita getHostName mara mbili mfululizo kwenye objekti moja na upime muda. Ya kwanza itachelewa, ya pili itajibu papo hapo, kwa sababu jibu limeshahifadhiwa humo ndani.

Dawa nyepesi ni faili la /etc/hosts. Bila shaka kila kompyuta mmeibandika jina lake. Basi andika mistari 24, kama 192.168.1.20 maabara20, na mfumo utasoma hapo kabla ya kuuliza nje. Au ndani ya programu tumia getByAddress, unampa jina na bayti nne kwa pamoja. Huyo haulizi mtu. Hakagui hata kama jina ni la kweli, kwa hiyo ukikosea herufi ni juu yako.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka kwa jambo la namna hii. Nilikuwa na orodha ya tovuti za wateja, nikaziweka kwenye HashSet, mkusanyiko usiokubali vitu viwili vilivyo sawa, kama objekti za klasi ya URL. Tovuti moja ikatoweka. Nikahangaika nayo siku nzima. Kumbe equals ya URL hutafuta anwani ya kila jina, na wateja wawili walikuwa seva moja, anwani moja. Java ikawaona ni mtu mmoja. Nilibadilisha kuwa URI, ambayo inalinganisha maandishi tu, na mteja wangu akarudi.

Najua kitakachofuata: utataka programu ionyeshe ipi imewashwa na ipi imezimwa, na utakutana na isReachable. Ukiiendesha bila ruhusa ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, haitumi ping, ule ujumbe mfupi wa kuuliza kama mashine ipo. Inajaribu kufungua muunganisho wa kawaida wa mtandao (TCP) kwenye mlango namba 7. Mashine ikikataa, inahesabiwa kuwa hai. Lakini yenye ukuta wa moto unaonyamaza kimya itaandikwa imekufa, na mwanafunzi ameikalia anachapa. Weka muda wa kusubiri wa milisekunde 500, na kabla hujampelekea mwalimu orodha, zunguka chumbani uhakikishe kwa macho.