Usiiamini Rangi ya Kereng'ende

Kwa msimu mzima niliandika daftarini kwamba kila kereng'ende mwekundu aliyetua kando ya maji alikuwa Crocothemis erythraea, hadi nilipozikagua upya picha zangu na kutambua kwamba wengi wao walikuwa Trithemis arteriosa. (Namzungumzia mdudu, si yule ndege wa jamii ya kwale mwenye jina hilohilo.) Kosa langu lilikuwa kuiamini rangi.

Rangi ya kereng'ende hubadilika kwa umri na jinsia. Aliyejivua gamba karibuni huwa amepauka, dume huhitaji siku kadhaa ili wekundu wake ukolee, na majike wa spishi zote mbili kwa kawaida huwa wa manjano au kahawia. Kwa Orthetrum, kundi jingine la kereng'ende, mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu dume anapokomaa mwili wake hufunikwa na unga wa nta wa samawati ambao huficha michirizi ya kifuani, kiasi kwamba dume kijana na dume mzee wa spishi moja huweza kudhaniwa kuwa ni spishi mbili.

Ndiyo maana sasa mimi huanza na miguu. Dume wa Crocothemis ana miguu yenye wekundu, ilhali miguu ya Trithemis arteriosa ni myeusi. Kisha hutazama tumbo: la Crocothemis ni pana na limebapa, halina madoa makubwa meusi, lakini la mwenzake ni jembamba na lina mabaka meusi ubavuni kuelekea kwenye ncha. Tofauti hii, ukishaizoea, huonekana hata kabla hujainua darubini. Mabawa nayo husaidia, hasa anapotokea Trithemis kirbyi, ambaye mabaka yake mapana ya rangi ya machungwa kwenye mashina ya mabawa hayaachi shaka.

Kwa hiyo nakushauri upige picha mbili kila inapowezekana: moja kutoka juu, kwa ajili ya umbo la tumbo na mabawa, na nyingine kutoka ubavuni, kwa ajili ya miguu na michirizi ya kifua. Hiyo ya pili ndiyo ambayo wengi huisahau, nami niliisahau kwa muda mrefu, kwa kuwa mdudu hupendeza zaidi akitazamwa kutoka juu. Picha isipoonyesha miguu wala ubavu, na umbo la tumbo likiwa halieleweki, mimi huandika "mwekundu" tu, kisha naendelea na mwingine.