Jibu: Kibali cha kuvuta maji Ruvu, mbona kiangazi napunguziwa?

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: shamba lako la bamia liko Bagamoyo, kibali cha kutumia maji unacho na ada umelipa, lakini kiangazi Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inakwambia upunguze kuvuta. Nami navuta mto Ruvu huohuo.

Kwanza soma masharti ya kibali: kiasi gani na kwa matumizi gani. Ada haijakuuzia maji. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 maji ni ya umma, na yakipungua yanatangulia ya kunywa na ya nyumbani, kisha ya kuutunza mto wenyewe. Kilimo kiko nyuma yao. Kumbuka mtambo wa maji wa Ruvu Chini, unaovuta mto huohuo, unanywesha Dar es Salaam. Ukame wa 2022 hata jiji lilipata kwa mgawo.

Kilichotusaidia upande wetu ni zamu za pampu kupitia jumuiya ya watumia maji. Dizeli ilipungua, ugomvi pia. Na kiangazi usipande eneo lote, tafadhali: mbegu na mbolea vikikauka shambani, hasara yake huizidi ada mbali sana. Kiwango kipya cha kuvuta waulize bodi ya Wami/Ruvu, wakupe kwa maandishi.