Jibu: Andiko la vitivo viwili lililorudishwa na kamati
Habari za leo, Daktari. Umeeleza kwamba kamati imelirudisha andiko lenu la kuomba fedha za utafiti kuhusu kichocho kandokando ya Ziwa Victoria, ikidai kuwa uhandisi na sosholojia vimebandikwa tu pamoja. Kagua kwanza swali la utafiti, si bajeti: ikiwa mhandisi anaweza kulijibu peke yake, litarudishwa tena. Andiko letu lilipita tulipouliza kwa nini watu huendelea kuoga ziwani, waliko konokono wanaobeba vimelea, ilhali kisima kipo karibu. Hapo kila kitivo kilimhitaji mwenzake. Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Tanzania) kiombeni mapema, msisubiri fedha. Utaratibu wa malipo chuoni kwenu siujui. Mhasibu ataeleza kama kitivo cha pili hupewa kasma yake, yaani fungu lake la bajeti.