Kwa nini Wisconsin ilivuma kuliko Michigan mwaka 2011

Ndugu, umeuliza kwa nini vyombo vya habari vya Marekani vilipiga kambi Wisconsin mwaka 2011 huku Michigan ikipita kimyakimya. Kwa maoni yangu, Wisconsin ilikuwa na mambo ya kupigwa picha: maseneta 14 wa chama cha Democratic walikimbilia Illinois ili akidi isitimie na muswada wa Gavana Scott Walker wa kubana vyama vya wafanyakazi wa umma ukwame, na waandamanaji wakalala sakafuni ndani ya jengo la bunge mjini Madison. Michigan, chini ya Gavana Rick Snyder, ilipitisha sheria iliyowapa mameneja wa dharura, yaani maofisa wanaoteuliwa na jimbo kuendesha miji iliyokwama kifedha, madaraka makubwa kuliko ya viongozi waliochaguliwa na wananchi, jambo ambalo naliona zito zaidi kwa demokrasia, lakini saini ya gavana haina mvuto kwenye televisheni. Wapiga kura waliifuta sheria hiyo Novemba 2012. Mwezi uliofuata bunge likapitisha nyingine ya namna hiyohiyo. Wengi nje ya jimbo walianza kuifuatilia baada tu ya maji ya Flint, mji uliokuwa chini ya mameneja hao, kuingiwa na madini ya risasi.